Gita langu limefika Bagamoyo

Jamani gita limefika! Nililiagiza mtandaoni, likaja na basi toka Dar, nikalifuata stendi na boda nimelikumbatia kama mtoto mchanga, kaka wa boda nikamwambia twende polepole mashimo yasije yakavunja shingo.

Kabla sijalipa nilimsumbua muuzaji kweli, nikamwomba picha ya pembeni pale freti ya 12, yaani kile kichuma cha 12 kilichokatiza shingo ya gita, nione nyuzi zimeinuka kiasi gani, maana zikikaa juu sana vidole vinaumia na ukibana noti inatoka imepanda kidogo. Picha ya mbele haikuonyeshi hilo hata siku moja.

Halafu sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, nyuzi za chuma za kawaida zinashika kutu haraka mno, ndo maana niliongeza hela nikachukua zile zilizopakwa utando mwembamba, na begi lenye sponji, na vipakti vya kunyonya unyevu, mbao ikivimba tumbo la gita linanyanyuka na nyuzi nazo zinapanda. Kapo, kile kibanio cha shingoni cha kupandisha sauti ya nyuzi, itasubiri.

Unayeanza chukua tu nailoni, ni laini kwa vidole. Ila gita la nailoni usilifunge nyuzi za chuma, tafadhali, zinavuta kwa nguvu mno, daraja, kile kipande cha tumboni kinachoshikilia nyuzi, linaweza kung'oka kabisa.