Sufuria za Kukhu

Wiki tatu sasa niko Nakuru na bado naamka saa kumi usiku nikidhani nimechelewa shifti. Niliondoka 2017 kwenda kazi Doha nikiacha mji nimerudi nikapata jiji, si walilipandisha Disemba 2021, lakini vumbi ya mtaa wetu Kivumbini ni ile ile, raba zangu nyeupe za Doha hazikumaliza hata dakika kumi. Watu wananiuliza jiji limebadilika aje, nawaambia sijui, tangu nifike kazi yangu ni kutafuta sufuria.

Wacha nieleze. Mama yangu wajukuu walimuita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, mwishowe ploti yote ikamuita hivyo, hata Wakikuyu wenye shosho zao na Wajaluo wenye dani zao. Alikuwa anauza mboga tu, sukuma na managu, kibanda hapo nje. Lakini alikuwa na sufuria nne za matanga, zile kubwa za alumini ambazo mtoto anaweza kuogea ndani akiwa amekaa. Zamu yake ya chama ilipofika, wenzake wakinunua makochi na kabati za vyombo, yeye akaenda kununua sufuria na mzee akanuna mwezi mzima. Tatu akazichora msalaba mwekundu chini na kwa kifuniko, ya nne akaipaka kijani. Hiyo ya kijani ilikuwa ya majirani wetu Waislamu wa Bondeni na mtu mwingine asingeigusa, hata sisi wenyewe wageni wakijaa na chai imekosa pa kupikiwa, ndio wao wakiichukua ya Idi ama ya msiba wasianze kujiuliza imewahi kupika nini. Hakuna mtu alimwomba afanye hivyo.

Hakuwahi kukodisha. Walimwambia Kukhu weka hata mia mbili, anasema mtu amefiwa halafu umletee bili? Lakini msifikirie alikuwa mpole, aii. Sufuria ikirudi na masizi anaibeba kwa kichwa anakurudishia mlangoni, "jivu iko, mchanga uko, sugua." Kuna mama walinyamaziana miaka miwili juu ya kifuniko kimoja. Halafu bwana wa huyo mama akafariki na kabla hata kamati haijakaa sufuria zote zilikuwa zimefika kwake, na maneno ya kifuniko yakaishia hapo (kifuniko chenyewe mpaka leo hakijulikani kiliko). Na Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, Nakuru ilipoungua na watu wakakimbilia uwanja wa shoo, alitafuta mkokoteni akapakia mbili akaenda kupika uji. Nilikuwa sekondari, niliogopa sana, nikaanza kumwambia mama huko tutaulizwa sisi ni kina nani, akaniambia shika hapo nyuma usukume.

Aliaga Mei 2020. Mnakumbuka hiyo miezi ya korona, ndege zimefungwa, mazishi mwisho watu kumi na watano, kafyu saa moja jioni. Alitolewa Nakuru usiku wa manane na barua ya chifu, akazikwa Malava kabla ya saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimejifungia choo cha kazini naangalia kwa simu juu simu hazikuruhusiwa, neti ikakatika wakianza kushusha. Majirani wa Kivumbini walibaki kwa geti. Na huko nyumbani hakuna moto uliwashwa. Mtu amepikia matanga ya watu miaka yote hiyo, yake ikaisha kwa mkate na soda ndani ya gari. Hiyo ndio ilinikaa kooni, hata kuliko kutomzika.

Sasa nimerudi na visenti vyangu na plani ya kufungua hoteli ndogo, nikauliza dada yangu sufuria za mama ziko wapi, akasema ziliibiwa zamani. Kijana wangu, nilimwacha na miaka minne sasa ako kumi na mbili, akasema hapana, hazijaibiwa, ziko kazini. Kumbe Kukhu alikuwa anamtuma kuhesabu vifuniko tangu akiwa wa miaka sita na hajawahi kuacha. Moja iko Flamingo, moja Free Area, moja jikoni kwa kanisa, ya kijani Bondeni. Akanitembeza kama mgeni, na kusema ukweli nilikuwa mgeni.

Flamingo yule mama akaileta bila kuulizwa, chini inang'aa mpaka unajiona, akasema umekuja kuichukua. Nikakosa jibu kwa sababu ndio, nilikuwa nimekuja kuichukua. Bondeni bibi mmoja mzee sana akanyooshea mjukuu wake juu ya kabati, ikateremshwa ikiwa imefungwa na leso. Kila Ramadhani inashuka, inapika, inaoshwa, inarudi juu. Akanishika mkono akasema, "Mama yako hatukumpikia."

Jumamosi tukapika. Sikupanga mimi, nilisikia tu kuni zinashushwa kwa geti. Ugali, nyama, managu, na wamama wa Bondeni wakakataa mtu kukaribia pilau yao. Hakukuwa na MC wala hema wala mtu wa kusoma historia ya marehemu, watu walikula wakicheka vile alikuwa anagombana, na yule mama wa kifuniko ndiye alicheka zaidi ya wote.

Hoteli nitanunua sufuria zingine.

Jioni watu wakaenda nikabaki naosha, mgongo umekufa, nikaosha ya mwisho haraka haraka nikaiegemeza ukutani. Kijana wangu akaja akaigeuza, akainama akaangalia chini, akaangalia tena.

"Mama," akasema, "jivu iko."