Mfuko wa bahasha zisizofunguliwa

Mteja wangu wa kwanza mwaka huu alikuja na mfuko wa plastiki. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa ili asijulikane.) Aliuweka mezani, akausogeza kwangu kwa ncha za vidole, kisha akageukia dirishani. Ndani mlikuwa na bahasha 30 na ushee, zote zimefungwa kama zilivyotoka posta.

Mimi ni wakili, nina miaka 17 katika kesi za ufilisi, na mfuko wa namna hii huniambia mengi kuliko maelezo ya mdomo. Nafungua bahasha moja moja, naitandaza kila barua kwa tarehe yake. Za mwanzo ni za upole, "tunapenda kukukumbusha". Za mwisho zina mhuri wa mahakama. Katikati huwa pana pengo, miezi miwili mitatu hakuna aliyeandika. Mgeni wa kazi hii atadhani wadai waliona huruma. Kumbe ndipo deni lilipouzwa kwa wakusanya madeni, nao walikuwa bado wanapanga mafaili.

Nilianzia upande wa wadai. Nikimwakilisha mdai aliyewekewa mali rehani, kazi ilikuwa nyepesi: hati ipo, sahihi ipo, mali inauzwa. Wengine husubiri kitakachobaki. Hapo mfilisi, yaani anayesimamia kuuza na kugawa mali ya mdaiwa, hutoa gharama zake kwanza, ndipo waje wanaopewa kipaumbele, kama wafanyakazi wanaodai mishahara, na aliyemkopesha mtu mzigo kwa kuaminiana anajikuta mkiani akigombea makombo. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa wadai, mtu wa namna hiyo akasimama akauliza, "Na sisi je?" Mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba. Ningependa kusema nilihamia kwa wadaiwa kwa sababu yake. Ukweli ni kwamba nilinyimwa cheo nikaondoka kwa hasira. Huruma ilikuja baadaye, tena polepole.

Watu hudhani kazi yetu ni kuficha mali. Kazi yetu hasa ni kuuliza maswali yanayoudhi. Kwa mfano: miezi ya karibuni umemlipa nani? Anayezama huanza na wale anaowaonea haya, shemeji, rafiki wa utotoni, na mimi namwelewa. Lakini mfilisi anaweza kumfuata shemeji huyo azirudishe pesa, zigawiwe wadai wote. Sheria ya Marekani inamruhusu kurudi nyuma siku 90, na kwa jamaa wa karibu mwaka 1. Ya Uingereza ni miezi 6, na kwa jamaa miaka 2. Shemeji uliyetaka kumwokoa ndiye anayeishia kuletewa barua.

Swali jingine nililisahau mara moja tu. Ilikuwa kesi yangu ya tatu upande huu, ya seremala mmoja. Niliorodhesha kila kitu chake hadi randa na misumeno, madeni yakafutwa, tukapeana mikono. Wiki mbili baadaye akanipigia. Hakusalimu. "Wamekwenda kwa mama mkwe wangu."

Mama mkwe alikuwa amemdhamini mkopo wa mashine. Mdaiwa akifutiwa deni, mdhamini hafutiwi pamoja naye. Hilo nililijua tangu chuoni, nililiandika hata kwenye mtihani. Sikumuuliza tu, na yeye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Nilikwenda kuwaomba waliokopesha wampangie yule mama malipo ya kila mwezi, wakakubali, akalipa deni la mashine ambayo hata kipande kimoja cha ubao wake hakukipata. Seremala hakunitafuta tena.

Neno muflisi, yaani aliyefilisika, na neno fulusi ni ndugu, yote yametokana na fals ya Kiarabu, sarafu ya shaba. Muflisi ni aliyekuwa na fedha akabaki na vipande vya shaba. Huwa nawaeleza wateja hili wakianza kulia, maana linawapa kitu kingine cha kufikiria kwa dakika moja.

Huyu wa mfuko hakulia. Kabla sijagusa bahasha hata moja nilimuuliza, "Mzee, nani amekudhamini?"

Ndipo akaacha kutazama dirishani.

"Kwani ni lazima ajue?"