Machungwa ya Tarehe Moja Julai

Mama hajui siku aliyozaliwa. Anajua ulikuwa wakati wa kuvuna mpunga, na anajua bibi alikuwa ametoka kuchota maji uchungu ulipomshika. Basi. Tulipokwenda kuandikishwa vitambulisho vya taifa, karani alimwuliza mara mbili, akachoka, akaandika 1 Julai 1957. Tangu hapo sisi watoto tukawa na tarehe. Mwaka 2017 tukapiga hesabu kwamba anatimiza miaka 60, na mapacha, Kulwa na Doto, wakasema safari hii lazima afanyiwe kitu. Mimi ndiye Shija, wa baada ya mapacha, na ndiye niliyekuwa nafanya kazi jikoni hotelini. Kwa hiyo chai ya asubuhi nikabebeshwa mimi.

Hoteli yenyewe ilikuwa Mwanza, upande wa Capri Point. Tulikuwa na sahani moja ya asubuhi ambayo wageni waliipiga picha kabla hawajaigusa: machungwa yaliyomenywa mpaka nyama, yakakatwa duara duara, yakamwagiwa sukari iliyounguzwa hadi ikapata rangi ya chai ya rangi, na mdalasini juu. Mpishi mkuu aliiita karameli. Kila nilipoimwaga ile sukari nilimfikiria Mama, maana Mama aliuza machungwa pale Kivuko cha Kamanga, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akila chungwa zima. La kwake lilikuwa lile lililopondeka upande mmoja.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ile nilitoka kazini saa nne, nikapanda kwetu Igogo kwa miguu. Nyumba za mlimani kule zimekaa juu ya mawe kama kuku waliolala, na ukiwa umechoka kila jiwe unalijua kwa jina. Machungwa sikuwa nimenunua. Nilinyata nikachukua manane kwenye kiroba cha Mama nyuma ya mlango, mzigo wa Muheza, nikajiambia nitayalipa.

Yalikuwa ya kijani, kama kawaida ya machungwa yetu. Hotelini wageni walidhani hayajaiva, na mpishi mkuu hakuchoka kuwaeleza kwamba ganda la chungwa hugeuka rangi kwa baridi ya usiku. Kwenye joto la mwaka mzima hubaki kijani hata kama ndani ni asali. Maelezo hayo Mama hakuyahitaji. Yeye alilipima chungwa kwa kiganja: zito ndilo lenye maji.

Saa kumi alfajiri nikawasha jiko la mkaa uani. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Hotelini kuna gesi, unaipunguza kwa kidole. Kuna na kipimajoto, sukari ikifika nyuzi 170 na kidogo unaepua. Nyumbani kulikuwa na mkaa uliokolea na macho yangu yenye usingizi. Na sukari kavu ina tabia ya kukaa kimya. Unaitazama, imetulia. Pembeni inaanza kuloa, inakuwa maji ya dhahabu, ukigeuka kuchukua mwiko imeshakuwa lami. Ya kwanza ilitoa moshi mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nikaimwaga nyuma ya choo, nikasugua sufuria kwa mchanga, nikaanza upya.

Ya pili rangi ilikuja vizuri kabisa. Kwa furaha nikamimina maji ya chungwa, ya baridi, yote kwa pamoja. Sufuria ikalia kama imetukanwa, ikanirukia mkononi (alama ninayo hadi leo, ndogo, chini ya kidole gumba), na sukari yote ikashikamana chini ikawa jiwe.

"Shija. Unachoma nini?"

Mama alikuwa mlangoni, kanga begani.

"Mwangaluka, Mama," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Hamna kitu."

"Hamna kitu ndiyo inanuka hivyo?"

Hakuja kwenye jiko. Alikwenda kwanza kwenye kopo la sukari, akalitikisa. Mwaka mmoja tu nyuma, 2016, sukari ilikuwa imeadimika madukani, bei ikapanda, tukanywa chai ya kuonjeshwa utamu. Tangu hapo kopo lile lilikaa kama sanduku la sadaka. "Nusu kilo," alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayetaja marehemu. Halafu akaona sinia.

"Na haya mbona umeyavua mpaka nguo ya ndani?"

Hapo ilibidi tuelewane. Kwa Mama, kumenya ni kutoa ganda la kijani peke yake, jembamba, likishuka mviringo bila kukatika, na kuuacha ule utando mweupe. Utando ndio unaolishika chungwa lisipasuke mteja akilifyonza huku anakimbilia kivuko. Nimemwona akimenya hivyo huku anarudisha chenji na kumkaripia mtoto wa mtu, bila kutazama kisu. Nikamweleza kwamba utando una uchungu, ukiingia kwenye sukari unaharibu ladha.

"Nani kakwambia mchungu? Wewe umelelewa na huo utando."

Nilitaka kulimwaga na lile jiwe. Akanishika mkono. Akatoa nusu ya mkaa kwa kipande cha mfuniko, uliobaki akaufunika majivu, akairudisha sufuria na maji yake ya chungwa juu ya moto ule mdogo, akavuta kigoda. Nikaanza kuligonga jiwe kwa mwiko.

"Acha kulipiga. Ngoja."

Tukangoja. Akaniambia alipokuwa msichana aliuza kashata za karanga, kabla hajaolewa, kabla ya machungwa. Sikuwa najua. Sukari ya kashata, alisema, unaiepua ikiwa bado inakudanganya kwamba haijaiva. Rangi iliyobaki sufuria inajimalizia yenyewe. Jiwe likaanza kulegea, likaachia nyuzi za kahawia, na kulipopambazuka mle ndani kulikuwa na shira nzito ambayo mpishi mkuu angeitia chupani.

Mapacha walikuja na chapati. Tulitandika mkeka uani, chai ya maziwa, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ya kuchemsha na karanga, na machungwa katikati, yanang'aa. Ziwa lilikuwa jeupe chini kule, na honi ya kivuko ilishalia mara moja. Mama alichukua duara moja kwa vidole, akalitazama pande zote mbili, akala. Akachukua la pili. La tatu. Hakusema ni tamu.

"Huko kwenu hii ni shilingi ngapi?"

"Elfu nane, Mama. Sahani."

"Machungwa mangapi?"

"Moja na nusu hivi."

Yeye aliuza moja mia mbili. Alitafuna hadi akamaliza, akafuta vidole kwenye kanga.

"Hiyo si bei ya chungwa. Ni bei ya kukaa."

Shira iliyobaki aliichovya kwa chapati, akasema hapo sasa kuna akili. Kisha akasimama. Doto akaruka: "Mama, tulikubaliana leo unapumzika!" Mama akasema amekubaliana na nani, na machungwa yamejaa mjini namna hii, akikaa nayo yataoza. Akafungua kiroba, akaanza kuyapanga kwenye beseni akihesabu kimoyomoyo. Mkono ukasimama.

"Manane."

"Ni yale tuliyokula, Mama."

"Najua tulichokula. Elfu moja na mia sita. Sukari nimekusamehe, kwa kuwa ni siku yangu ya kuzaliwa ya serikali."

Kulwa alicheka mpaka akamwaga chai. Nikampa noti ya elfu mbili. Mama akafungua fundo la pindo la kanga, akahesabu sarafu mbili za mia mbili, akaniwekea kiganjani, akajitwika beseni na kuanza kushuka mawe kuelekea Kamanga.