Siku ya kuandika maombi ya mandamus dhidi ya jaji

Saa 2 asubuhi nafungua faili la mama mmoja, kesi yake imeshasikilizwa yote, mashahidi wamemaliza, mawakili tumemaliza, halafu jaji kakaa na uamuzi. Tumeandika barua ya kukumbusha, tukaandika tena, kimya. Na hapa rufaa haisaidii, utakata rufaa ya nini wakati hakuna kilichoamuliwa? Ndo maana leo naandika maombi ya mandamus, yaani amri ya mahakama iliyo juu yake kumtaka atimize wajibu wake.

Saa 4 simu inaita. Mteja mwingine, jaji kamkatalia ushahidi, kasikia habari za mandamus na yeye anaitaka. Nikamwambia kaka, jaji kukosea peke yake haitoshi. Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Cheney mwaka 2004 ilitaja mambo matatu: usiwe na njia nyingine ya kupata unachodai, haki yako iwe wazi haina ubishi, na hata ukiwa na hayo mawili bado mahakama ijiridhishe kwamba amri inafaa. Yeye rufaa anayo kesi ikiisha. Hakufurahi, lakini bora audhike leo kuliko alipie maombi yatakayotupwa.

Saa 6 nasoma kesi ya La Buy, 1957. Jaji wa Chicago alizitoa kesi mbili za ushindani wa biashara akampa mtu mwingine azisikilize kwa niaba yake, sababu ni ndefu na ngumu na ratiba imejaa. Mahakama ya rufaa ikamwamuru azirudishe mikononi mwake, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono. Hii naipenda sana, maana yule jaji hakuwa mtu mbaya, alizidiwa na kazi tu, ila wenye kesi walikuwa na haki ya kusikilizwa na jaji.

Saa 8 nakula harakaharaka.

Saa 9 napitia rasimu ya kijana wetu wa ofisini. Kaandika tunaomba jaji aamriwe kumpa mama ushindi. Nikakata. Akauliza, dada mbona umeondoa? Nikamweleza mandamus inamlazimisha jaji aamue, haimwambii aamue vipi, na kwa afisa wa serikali ni hivyohivyo, kama sheria imempa hiari ya kupima ombi la leseni utamlazimisha alipime, jibu linabaki lake. Ila kama sheria inasema ukitimiza masharti lazima upewe, hapo hana pa kujificha. Nikamtuma pia ahakikishe mahakama tunayoiendea ina mamlaka, maana Marbury, Mmarekani aliyeteuliwa hakimu halafu asipewe hati yake ya uteuzi, mwaka 1803 aliambiwa na Mahakama ya Juu kwamba haki ya kuipata anayo, ila mahakama hiyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi ile moja kwa moja.

Saa 11 jioni maombi yameingia, nakala kwa upande wa pili na kwa jaji mwenyewe. Nampigia mama simu, nasema mama tukifanikiwa utapata uamuzi, unaweza kuwa wa kushinda au wa kushindwa. Akasema wakili, hata wa kushindwa niupe, nikate rufaa.