Nakala za wingu umeme ukikatika Chake Chake

Umeme wa Pemba huja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika, ruta huzima, na faili la nakala rudufu la GB 4 lililokaribia kumaliza kupanda kwenye wingu huanza upya. Kosa lilikuwa letu: tar moja kubwa (faili moja linalobeba mafaili yote), na rclone, programu ya kupandisha mafaili kwenye wingu, haiendelezi faili lililokatikia njiani.

Nilihamia restic, programu ya kutunza nakala rudufu. Hukata data vipande, ikavifunga kwenye pakiti za takriban MiB 16. Ukirudia amri ileile, pakiti zilizokwisha kuingia kwenye faharasa (orodha ya vilivyohifadhiwa) hazipandi tena. Kufuli ambalo restic huweka wakati wa kazi likibaki baada ya kukatika: `restic unlock`. Mchana weka `--limit-upload 256` (kikomo cha kasi ya kupandisha, KiB kwa sekunde), la sivyo ofisi nzima italalamika.

Ruta na kisanduku cha faiba viwe kwenye UPS (betri ya akiba). Printa ya leza usiichomeke hapo kabisa!

Kila Ijumaa kagua nakala kwa kusoma asilimia 5 ya data: `restic check --read-data-subset=5%`.