Jaribio la Hesabu, Bukavu

Chumba chetu cha kompyuta pale Ibanda kilikuwa na mashine chache, wanafunzi wengi, na umeme uliokuja ulipojisikia. Siku ya jaribio la hesabu watu waliingia kwa zamu, na kila aliyetoka aliacha taka zake: mafaili, majibu, mara nyingine virusi vya flashi.

Kaka mmoja niliyefundisha naye akaleta dawa. Kila kompyuta aliiwekea mashine pepe ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi, akafungua ndani yake programu ya mtihani hadi pale pa kuandika jina, akaihifadhi hali yake papo hapo: diski pamoja na kila kilichokuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi. Mwanafunzi akimaliza, majibu yanapita kwenye waya hadi kwa mwalimu, mashine inarudishwa nyuma, anayefuata anakuta kila kitu kisafi bila kusubiri Windows iamke. Na kwa mitumba ile, kusubiri Windows ungepika fufu ukala ukaosha sufuria.

Zamu zikaanza kupishana. Mlangoni nikamsikia binti akimnong'oneza mdogo wake majibu, la kwanza, la pili, la tatu. Nikacheka kimoyomoyo: programu ilichota maswali kwa kubahatisha kutoka hazina ya mamia, angejuaje? Mdogo mtu akaingia, akatoka mapema mno, meno nje. Nyuma yake mwingine, mwenye uaminifu kuliko ujanja, akaropoka: "Mwalimu, maulizo ni yaleyale!"

Kaka aliinama kwenye skrini muda mrefu. Programu ilichukua mbegu ya kubahatisha, ile namba ya kuanzia inayoamua maswali yapi yachotwe, kutoka kwenye saa, mara moja tu, ilipofunguliwa. Mbegu hiyo ikabaki RAM, nasi tukaigandisha nayo. Saa ya mashine ilijirekebisha kila ilipoamshwa, lakini programu haikuitazama tena. Wala si sisi tu: mwaka 2010 watafiti Thomas Ristenpart na Scott Yilek walikuwa wameonyesha Marekani kwamba hata vivinjari vikirudishwa hivyo huweza kurudia namba zinazolinda siri za mawasiliano. Kwetu ilikuwa sehemu na asilimia tu, ashukuriwe Mungu.

Tukahifadhi hali upya kabla ya programu kufunguliwa. Zamu zikawa ndefu, watu wakanung'unika. Waliotangulia walirudia jaribio Jumamosi iliyofuata. Yule binti alifaulu vizuri tena, mdogo wake hakufika hata nusu.