Jamani tuacheni udongo kidogo kwenye viwanja vyetu

Kila masika Dar tunaongelea mafuriko ya Jangwani, lile bonde la mto Msimbazi karibu na Kariakoo. Barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, mtu wa Magomeni anazunguka huko kote ndo afike Kariakoo, picha zinarushwa kwenye magrupu ya wasap na kila mtu anauliza kwani hawa watu nani aliwatuma wajenge bondeni. Mimi nakaa Kinyerezi, huku juu, na kuna jambo huku kwetu hatulisemi kabisa: maji mengi yanayofika kule yametoka kwetu.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe, unashuka Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unafika Jangwani afu unaingia baharini pale daraja la Salenda kwenye mikoko. Njiani unapokea wenzake, kama mto Ng'ombe unaotokea Sinza na Tandale. Kwahiyo mtu wa Jangwani anapokea maji ya sehemu kubwa ya jiji, na jiji lenyewe limekua, sensa ya 2012 ilituhesabu watu karibu milioni 4.4, ya 2022 ikakuta tumefika karibu milioni 5.4, na wengi wa hao waliongezeka tumekuja kukaa pembeni huku ambako zamani palikuwa mikorosho na miembe na vichaka.

Sasa angalia tunavyojenga. Mtu ananunua kiwanja ishirini kwa ishirini, anasafisha miti yote (kwasababu kiwanja chenye mti kinaonekana hakijaendelezwa), anajenga nyumba, fremu mbili za duka mbele, banda la uani, ukuta, halafu sehemu yoyote iliyobaki anamwaga pevingi kuanzia getini mpaka nyuma kwenye karo. Inapendeza, sikatai. Hakuna tope, gari inaingia safi, watoto hawachafuki. Lakini piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400, ikinyesha mvua ya milimita 50, na hiyo kwa masika yetu ni ya kawaida tu, hapo kwako zimedondoka lita 20,000. Udongo wenye majani ungekunywa sehemu kubwa taratibu. Pevingi zilizoshindiliwa zikazibwa na simenti hazinywi karibu kitu, na bati ndo kabisa, yote yanatoka kwenye kitundu kile kidogo chini ya geti kwenda barabarani. Mtaa wa viwanja thelathini hizo ni lita laki sita, yaani maboza sitini ya lita elfu kumi yamefunguliwa kwa mpigo kwenye barabara ya vumbi yenye mteremko.

Mtaani kwetu nyumba ya chini kabisa ni ya mzee mmoja ambaye alikuja hapa kabla yetu wote. Nyuma ya ukuta wake kuna korongo. Zamani kilikuwa kifereji unaruka tu, sasaivi mtu mzima akisimama ndani humuoni kichwa, na mizizi ya mwembe wake upande mmoja inaning'inia hewani kabisa, unaona udongo mwekundu umekatika wima kama umekatwa na panga. Kajaza viroba vya mchanga, kapanga matairi, kapanda mabingobingo, kila msimu vinaondoka na maji. Nilipoenda kumpa pole akaniambia, "Mwanangu, mimi mvua haijaniongezekea, majirani ndo wameniongezekea." Sikuwa na jibu kwakweli.

Na ule udongo wa korongo hauishii hapo. Unaenda mtoni, unakaa kitako pale mteremko unapoisha, na mteremko unaishia Jangwani. Ndomana wanachimba mchanga chini ya lile daraja la Jangwani wanatoa, mvua mbili tatu umerudi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar na waliookolewa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, watu wa bondeni wamelipwa wakahama, daraja linainuliwa, na mpango ni pale pawe bustani ya jiji ambayo mto ukijaa unajaa bila kuua mtu. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila daraja hata liwe refu vipi, sisi wa juu tukiendelea kumwaga maji na udongo hivi litazibwa tu.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hiyo tunaijua kwasababu ndo inayowekea watu alama ya X nyekundu ukutani. Kwa mwenye kiwanja mlimani sijawahi kuona mtu amekuja kumuuliza maji yako unayapeleka wapi. Naona hapo ndo kwa kuanzia, kibali cha ujenzi kiseme wazi sehemu gani ya kiwanja ibaki udongo, na serikali ya mtaa ipite ikague, maana mitaro ya zege peke yake inachofanya ni kuyafikisha maji kwa wa chini haraka zaidi.

Wakati tunasubiri, mambo mengine hayahitaji kibali. Pevingi weka pale gari inapokanyaga tu, kwingine panda ukoka. Weka gata uingize maji ya bati kwenye tenki, huku maji ya bomba yenyewe ya mgao. Chimba shimo la mawe pembeni ya ukuta maji yanayozidi yaingie humo, mradi liwe mbali na karo na msingi wa nyumba. Mwembe kama ulikuwepo uache. Sisi kwetu tumeng'oa pevingi za upande wa jikoni, mama watoto kapanda matembele na mchicha, na mvua za juzi maji yalituama pale kidogo yakazama yenyewe.

Jumapili tuna kikao cha mtaa na ajenda ya korongo nimeiomba iwe ya kwanza. Nataka tuchange mawe na nyavu za kulizuia, na kila nyumba ya juu itoe, sio mzee peke yake. Pia natafuta fundi anayefyatua zile pevingi za matundu ambazo majani yanaota katikati, awe upande huu wa Segerea au Kinyerezi. Kama unamjua nielekeze, tuko nyumba kadhaa tunazitaka.